Thomas Midgley: Mhandisi aliyeponya injini kwa sumu

KILA siku maelfu ya madereva husimama kwenye vituo vya mafuta, huagiza petroli, hulipa na kwenda zao. Wachache huitazama nambari ya okteni ambayo katika nchi nyingi huandikwa kwenye pampu: 91, 93, 95 au 98. Wachache zaidi hujiuliza ni kwa nini kuna petroli inayotangazwa kuwa haina madini ya risasi, kana kwamba risasi ni kitu ambacho kwa kawaida kingepaswa kuwemo ndani yake.

Majibu ya maswali hayo mawili yamo katika maisha ya mtu mmoja. Thomas Midgley alikuwa mhandisi Mmarekani aliyeheshimiwa na wanasayansi wenzake, akatunukiwa nishani kubwa kubwa za kemia na kufariki mwaka wa 1944 akiwa kileleni mwa taaluma yake. Leo hii jina lake hutajwa kwa masikitiko. Uvumbuzi wake mmoja ulisambaza sumu katika hewa ya dunia nzima kwa takriban miaka 100, na wa pili ukatoboa ngao inayowakinga viumbe dhidi ya miale mikali ya jua.

Kwa wakazi wa Kenya, kisa hiki si cha mbali kama kinavyoonekana. Juhudi za kuifuta kazi ya Midgley zimeratibiwa kwa miaka mingi kutoka Gigiri, Nairobi.

Mtoto wa wavumbuzi

Midgley alizaliwa Mei 18, 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, na kukulia Columbus katika jimbo la Ohio. Uvumbuzi ulikuwa jadi ya familia. Babake, aliyeitwa pia Thomas, alijishughulisha na utengenezaji wa magurudumu ya magari, naye babu yake mzaa mama alikuwa amebuni aina ya msumeno wenye meno yanayoweza kubadilishwa.

Kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka wa 1911 katika uhandisi wa mitambo. Mwaka huohuo alimwoa Carrie Reynolds. Hakusomea ukemia kwa kina; maarifa mengi ya somo hilo aliyapata kazini, kwa kusoma na kujaribu. Jambo hili lilikuja kuwashangaza wengi, kwani karibu kila tuzo aliyopewa baadaye ilikuwa ya kemia.

Baada ya kufanya kazi katika kampuni ya kutengeneza mashine za kuhesabia fedha mjini Dayton, kisha katika biashara ya magurudumu pamoja na babake, alijiunga mwaka wa 1916 na maabara ya Charles Kettering. Kettering alikuwa mvumbuzi mashuhuri. Ndiye aliyebuni mtambo wa kuwasha gari kwa umeme, uliowaondolea madereva adha ya kuzungusha chuma mbele ya gari ili injini ingurume.

Hata hivyo, Kettering alikuwa na tatizo lililomnyima usingizi, na ndilo alilomkabidhi mhandisi huyo kijana.

Mgongo wa nyundo ndani ya silinda

Injini za wakati huo zilikuwa na maradhi ya kugonga. Gari lilipopanda mlima au kubeba mzigo mzito, mlio mkali wa chuma ulisikika, mithili ya nyundo ikipigwa ndani ya silinda. Nguvu zilipungua, injini ikapata joto kupita kiasi na hatimaye vyuma vikaharibika. Baadhi ya watu waliulaumu mtambo mpya wa umeme wa Kettering.

Ili kufahamu maradhi hayo, ni lazima kufahamu jinsi injini ya petroli inavyofanya kazi. Pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, kisha plagi hutoa cheche. Moto unatakiwa kusambaa kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi pembe zote za silinda na kuisukuma pistoni chini. Lakini petroli ikiwa dhaifu, ule mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto hushindwa kustahimili joto na shinikizo, ukajilipukia wenyewe kwa mkupuo. Huko ndiko kugonga.

Tatizo hilo lilizidi uzito wake kwa kuwa njia bora ya kupata nguvu nyingi kutokana na mafuta machache ni kuubana mchanganyiko huo zaidi. Kadiri unavyobanwa, ndivyo unavyoelekea kujilipukia. Wahandisi walijua jinsi ya kuunda injini bora, ila petroli ya wakati huo haikuwaruhusu. Midgley alichunguza shinikizo ndani ya silinda na kuthibitisha kwamba kasoro haikuwa katika mtambo wa umeme wa bosi wake. Ilikuwa katika mafuta yenyewe.

Ugunduzi wa kwanza ulitokana na kosa. Midgley na Kettering walifikiria kwamba pengine mafuta yakitiwa rangi nyekundu yangefyonza joto na kuwaka vizuri zaidi, wakikumbuka mmea mmoja wa porini wenye majani mekundu unaochanua mapema majira ya baridi yanapokwisha. Midgley alikosa rangi ya kuyeyuka katika mafuta, akatumia aidini. Injini iliacha kugonga. Alipojaribu rangi nyingine nyekundu, hakuna iliyofua dafu. Alipojaribu kemikali ya aidini isiyo na rangi, ilifaulu. Rangi haikuwa na maana yoyote. Siri ilikuwa katika kemikali.

Tangu hapo alianza kazi ya miaka mitano ya kujaribu kemikali moja baada ya nyingine. Aidini ilikuwa ghali na iliharibu vyuma. Anilini ilifanya kazi lakini ilinuka. Seleni na teluri zilikuwa na nguvu zaidi, ila zilitoa uvundo uliowang'ang'ania watafiti mwilini na nguoni kiasi cha watu kuwakwepa. Hatimaye aliacha kubahatisha na kuanza kuifuata jedwali la elementi, safu kwa safu, akiona kwamba elementi nzito zilikuwa na nguvu zaidi.

Mnamo Desemba 9, 1921 yeye na wenzake walitia kwenye injini ya majaribio kemikali iitwayo tetraethili ya risasi. Mgongo ulinyamaza papo hapo. Kiasi kidogo mno kilitosha: takriban sentimita tatu za ujazo kwa galoni nzima ya petroli.

Dawa iliyokuwa imeachwa kando

Risasi haikuwa mgeni asiyejulikana tabia. Tangu zama za Warumi ilifahamika kwamba madini hayo hudhuru mwili. Wapaka rangi, wachapishaji na wafanyakazi wa viwanda vya betri walikuwa wakiugua na kufa kwa sababu yake. Tetraethili ilikuwa hatari zaidi kwa kuwa ni kimiminika kinachopenya kwenye ngozi na mvuke wake hufika ubongoni.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na dawa nyingine. Maabara ya Kettering ilijua kwamba alkoholi, ile inayoweza kutengenezwa kwa nafaka au miwa, ikichanganywa na petroli huzuia kugonga. Midgley mwenyewe aliifanyia majaribio na kuisifu hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini ilihitajika kwa wingi, labda sehemu moja kwa kumi au zaidi ya tangi, na mtu yeyote mwenye mtambo wa kukeneka angeweza kuitengeneza. Risasi ilitosha kwa matone, ilikuwa rahisi, na matumizi yake yalilindwa kwa hataza. Kampuni ya General Motors, iliyokuwa imeimiliki maabara hiyo, ingepata faida kwa kila galoni itakayouzwa na kampuni yoyote ya mafuta.

Mafuta hayo mapya yaliuzwa kwa mara ya kwanza Februari 2, 1923 katika kituo kimoja mjini Dayton. Yalipewa jina la biashara, Ethyl. Neno risasi halikutajwa katika jina hilo. Mwezi Mei mwaka huohuo, magari matatu yaliyoongoza katika mashindano ya Indianapolis yalikuwa yakitumia mafuta hayo, na sifa zikaenea nchi nzima.

Wakati sifa hizo zikienea, mvumbuzi mwenyewe alikuwa ameonja matunda ya kazi yake. Mapema mwaka wa 1923 Midgley alilazimika kuchukua likizo na kwenda Florida kupumzisha mapafu yake na kupata hewa safi, kwa sababu risasi ilikuwa imemdhuru. Alijua kilichomwuguza. Alipopata nafuu, alirudi kazini kuendelea na mradi uleule.

Vifo vya Bayway

Mnamo Agosti 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja kusimamia biashara hiyo, na Midgley akawa miongoni mwa viongozi wake. Kufikia wakati huo wafanyakazi walikuwa wamekwisha kufa mjini Dayton, na wengine katika kiwanda cha DuPont kule Deepwater, New Jersey.

Kisha, mwezi Oktoba 1924, maafa yakatokea katika kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, New Jersey. Wafanyakazi walianza kuona vitu visivyokuwepo, kupiga mayowe na kupigana na hewa. Baadhi yao walifungwa kwa nguvu na kupelekwa hospitalini. Katika muda wa siku chache watu watano walikuwa wamefariki na zaidi ya 30 kulazwa. Magazeti yaliyabatiza mafuta hayo gesi ya wazimu. Jiji la New York, Philadelphia na jimbo la New Jersey zilipiga marufuku uuzaji wake.

Kampuni ilimtuma Midgley kutuliza umma. Oktoba 30, 1924, mbele ya waandishi wa habari jijini New York, alijimwagia tetraethili mikononi, kisha akaivuta harufu yake puani kwa takriban dakika moja. Aliwahakikishia wanahabari kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Hakuwaeleza kwamba mwaka mmoja na nusu uliotangulia alikuwa amekwenda Florida kwa matibabu ya sumu hiyohiyo.

Tendo hilo ndilo linalowapa shida zaidi wanaoyaandika maisha yake. Ingekuwa rahisi kumsamehe mtu asiyejua. Midgley alijua. Hata hivyo, inaelekea aliamini kwamba hatari ilikuwa kiwandani tu, kwa wanaoishika kemikali yenyewe, na kwamba chembe chache zinazotoka kwenye ekzosi ya gari zingepotea hewani bila kumgusa mtu.

Ni nani alistahili kuthibitisha?

Mnamo Mei 1925 uuzaji ulisimamishwa kwa muda, na mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Hugh Cumming, akaitisha mkutano jijini Washington. Upande mmoja waliketi wenye viwanda, waliosema kwamba Marekani ilihitaji mafuta hayo na kwamba hapakuwa na kitu kingine cha kushika nafasi yake. Alkoholi haikupewa nafasi ya maana katika hoja zao.

Upande wa pili walikuwepo wataalamu kama Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya viwandani, na Profesa Yandell Henderson wa Yale. Hawa walionya kwamba shida haikuwa vifo vya ghafla vya kiwandani. Shida ilikuwa sumu itakayoingia mwilini kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, katika kila mtaa wenye magari, na ambayo ingegunduliwa baada ya wengi kudhurika.

Kamati iliundwa. Iliwapima watu 252, wengi wao madereva na wafanyakazi wa gereji, kwa muda wa miezi michache. Mnamo Januari 1926 ilitoa uamuzi kwamba haikuona sababu ya kutosha ya kupiga marufuku mafuta hayo, ikashauri utafiti uendelee. Uuzaji ulirejea. Utafiti ulioendelea kwa takriban miaka 40 iliyofuata uligharamiwa kwa sehemu kubwa na wenye viwanda na kuongozwa na daktari wao, Robert Kehoe.

Hapo ndipo uamuzi wa hatari ulipofanyika. Badala ya kumtaka muuzaji athibitishe kwamba bidhaa yake ni salama, umma ulitakiwa kuthibitisha kwamba ni hatari. Na kwa kuwa vyombo vya kuthibitishia vilikuwa mikononi mwa muuzaji, jibu lilichelewa.

Nambari ya okteni

Biashara hiyo ndiyo iliyoizaa nambari inayoonekana kwenye pampu. Baada ya risasi, kila kampuni ilidai kwamba petroli yake ndiyo bora, na ikabidi kipatikane kipimo kimoja. Mwaka wa 1926 Graham Edgar, mkemia wa kampuni ya Ethyl, alipendekeza kutumia vimiminika viwili: aina ya okteni isiyogonga kwa urahisi, iliyopewa alama 100, na hepteni inayogonga upesi, iliyopewa sifuri. Petroli ya okteni 95 ni ile inayostahimili kugonga sawasawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za okteni hiyo na sehemu tano za hepteni.

Kwa hivyo nambari hiyo si kipimo cha nguvu za mafuta wala usafi wake, kama wengi wanavyodhani. Ni kipimo cha ustahimilivu. Injini iliyoundwa kutumia okteni 91 haipati nguvu za ziada kwa kunyweshwa 98. Mwenye gari hupoteza fedha tu. Lakini injini inayobana mchanganyiko sana, au yenye taboo, ikinyimwa okteni inayohitaji hugonga. Magari mengi ya kisasa yana kifaa cha kuhisi mgongo huo na kuchelewesha cheche ili kuiokoa injini, na hapo nguvu hupungua na mafuta kuliwa zaidi. Jibu sahihi kwa kila gari limo katika kitabu chake, na mara nyingi pia nyuma ya kifuniko cha tangi.

Wanaonunua magari kutoka nje wanapaswa kukumbuka kwamba nchi hazipimi kwa njia moja. Pampu za Marekani huonyesha wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 ya huko inakaribiana na 91 au 92 ya nchi nyingi nyingine. Nchini Japani, yanakotoka magari mengi ya Kenya, petroli ya kawaida inatakiwa kuwa na okteni isiyopungua 89 na ile ya daraja la juu isiyopungua 96.

Risasi ilikuwa njia rahisi mno ya kuipandisha nambari hiyo, na faida zake zilikuwa za kweli. Injini zilikuwa na nguvu zaidi na kutumia mafuta machache zaidi. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mafuta ya okteni 100 yenye risasi yaliziwezesha ndege za kivita za Uingereza kukabiliana na zile za Ujerumani mwaka wa 1940. Midgley na wenzake walikuwa wametatua hata kasoro ya risasi kuganda kwenye plagi na vali: waliongeza kemikali ya bromini ili majivu ya risasi yatoke nje na moshi. Injini ikabaki safi. Uchafu ukaenda hewani.

Friji na uvumbuzi wa pili

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Kettering alimpa Midgley kazi nyingine. Friji za wakati huo zilitumia gesi kama amonia, kloridi ya methili na dioksidi ya salfa. Zilipovuja ziliwadhuru watu, na nyingine zilishika moto. Ilihitajika gesi isiyo na sumu na isiyowaka.

Kwa kutumia tena jedwali la elementi, Midgley pamoja na wakemia Albert Henne na Robert McNary walipata jibu haraka ajabu, katika mwaka wa 1928. Gesi hiyo ilichanganya kaboni, klorini na florini, na baadaye iliuzwa kwa jina la Freon. Ilisemekana kwamba bahati iliwasaidia: mnyama wa kwanza wa maabara aliyeivuta alibaki mzima, ila wa pili alikufa kwa sababu malighafi ya chupa ya pili haikuwa safi. Lau wangeanza na chupa hiyo, pengine wangeacha utafiti.

Mwaka wa 1930, katika mkutano wa wakemia jijini Atlanta, Midgley alirudia mtindo wake wa zamani. Aliivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza taratibu juu ya mshumaa uliokuwa ukiwaka, ukazimika. Kwa tendo moja alikuwa ameonyesha kwamba gesi haiui na haiwaki. Mara hii hakuficha lolote. Hakuna aliyejua wakati huo kitakachotokea gesi hiyo ikifika juu angani. Friji ziliingia majumbani, chakula na dawa zikahifadhiwa, na watu wa nchi zenye joto wakapata vipoza hewa.

Kamba na kapi

Heshima zilimiminika. Alipewa nishani ya Perkin mwaka wa 1937, ya Priestley mwaka wa 1941 na ya Willard Gibbs mwaka wa 1942. Alikuwa na hataza zaidi ya 100. Mwaka wa 1944 alikuwa rais wa Chama cha Kemia cha Marekani.

Lakini mwili ulikuwa umemsaliti. Mwaka wa 1940, akiwa na umri wa miaka 51, alishikwa na ugonjwa wa polio uliomlemaza miguu. Kama ilivyokuwa desturi yake, alilikabili tatizo kwa kubuni kifaa. Alitengeneza mpangilio wa kamba na kapi wa kumwinua kutoka kitandani bila kumtegemea mtu.

Asubuhi ya Novemba 2, 1944, nyumbani kwake Worthington, Ohio, alikutwa amekufa, akiwa amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na umri wa miaka 55. Umma uliambiwa ni ajali, ingawa wapo wanahistoria wanaoamini kwamba alijitoa uhai. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Aliacha mjane na watoto wawili, na sifa isiyo na doa.

Hesabu inakuja

Doa lilionekana baadaye. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Clair Patterson alikuwa akipima kiasi cha risasi katika mawe ili kukadiria umri wa dunia, ambao alibainisha kuwa takriban miaka bilioni 4.55. Kazi ilimtatiza kwa sababu kila alichogusa kilikuwa na risasi: vumbi, maji, hata nywele zake. Alipopima maji ya bahari na barafu ya kale, alitambua kwamba risasi iliyokuwa hewani haikuwa ya asili. Nyingi ilitoka kwenye magari.

Patterson alichapisha onyo lake mwaka wa 1965, akapingwa vikali na wenye viwanda. Hata hivyo, ushahidi ulizidi kulimbikizana. Risasi hukaa mifupani kwa miaka mingi, hupandisha shinikizo la damu na, vibaya zaidi, huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Mtoto aliyeivuta hupungukiwa na uwezo wa kujifunza na kutulia, na madhara hayo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo: waliodhurika zaidi walikuwa watoto waliocheza kando ya barabara, wengi wao wakitoka katika nyumba zisizo na gari.

Marekani ilianza kupunguza risasi katika petroli miaka ya 1970, ikaipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka wa 1996. Kiwango cha risasi katika damu ya Wamarekani kilishuka kwa zaidi ya robo tatu kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Afrika ilingoja zaidi. Mnamo Juni 2001 wajumbe wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuondoa risasi katika petroli. Mwaka uliofuata Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu Nairobi, lilianza kuongoza ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi. Kufikia Januari 2006, nchi za eneo hilo, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeachana na mafuta hayo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, iliyoacha kuyauza Julai 2021. Agosti 30, 2021 UNEP ilitangaza kutoka Nairobi kwamba enzi ya petroli yenye risasi kwa magari imekwisha, na kukadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Ndege ndogo za injini za pistoni ndizo zilizobaki zikitumia mafuta ya aina hiyo katika sehemu nyingi.

Uvumbuzi wa pili nao ulikuwa na hesabu yake. Mwaka wa 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za friji, zikifika juu angani, huachilia klorini inayoangamiza ozoni. Mwaka wa 1985 wanasayansi wa Uingereza waliripoti upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1987, ambao sekretarieti yake pia iko Nairobi, uliamuru gesi hizo ziondolewe, na sasa ukanda wa ozoni unapona polepole.

Injini hazikufa kwa kukosa risasi. Viwanda vya mafuta vilijifunza kusafisha petroli kwa njia nyingine ili kuipandisha okteni. Na katika nchi nyingi, zikiwemo Marekani na Brazil, kitu kimojawapo kinachochanganywa na petroli ili isigonge ni alkoholi, ileile ambayo Midgley aliijaribu, akaisifu, kisha akaiweka kando.